Nani Atalipia Bata Mzinga? Utangulizi wa Vichekesho vya Krismasi ya Ukoo

Ni mkesha wa Krismasi, na tarishi anabisha hodi kwenye nyumba moja ya kitongoji cha Chicago. Mkononi ana bahasha ya kampuni. Mwenye nyumba, Clark Griswold, ameisubiri bahasha hiyo tangu filamu ianze. Kabla ya kuifungua anawatangazia waliomo sebuleni, yaani wazazi wake, wakwe zake, shangazi, mjomba, binamu wa mkewe na watoto, kwamba bonasi ya mwaka huu itajenga bwawa la kuogelea uani, na fedha ikibaki atawalipia wote nauli waje kulizindua. Anararua bahasha. Hakuna hundi. Kuna cheti tu kinachosema kwamba kwa mwaka mzima, kila mwezi, ataletewa kopo la jeli.

Wengi walioiona filamu hii, National Lampoon's Christmas Vacation ya mwaka 1989, hukumbuka mambo mengine kabisa. Hukumbuka kindi anayeruka kutoka kwenye mti wa Krismasi, paka aliyetafuna waya wa umeme, na bata mzinga anayepasuka mezani akatoa mvuke mtupu. Mimi huanza na bahasha. Nimefundisha filamu za aina hii kwa miaka kadhaa, na kila mwaka hupata wanafunzi wanaoingia darasani wakidhani tumekuja kuzungumzia vurugu. Vurugu zipo, tena tele, na sina nia ya kumnyima mtu kicheko chake. Ila ukizitazama filamu hizi mara ya pili na ya tatu, utaona kwamba nyuma ya kila sahani inayovunjika pana hesabu isiyolingana. Mmoja ana deni, mwingine anautolea macho urithi, wa tatu hana hata nauli ya kurudi kwake, na wote wanatakiwa waketi meza moja wakitabasamu. Hilo ndilo ninalotaka tulifuatilie. Karibu ukae. Viti vipo, ingawa kimoja kina mguu mbovu, na kwa desturi ya filamu hizi hatukuambii ni kipi.

Uwanja wenyewe hauna jina lililokubalika. Mimi husema vichekesho vya Krismasi ya ukoo, na neno ninalolikazia ni ukoo. Filamu ya wapenzi wawili wanaokutana theluji ikidondoka si yetu. Filamu ya bastola na milipuko inayotokea usiku wa Krismasi nayo si yetu, hata kama mashabiki wake hubishana juu yake kila Disemba. Yetu inataka ndugu wengi, nyumba moja, na tarehe. Hiyo tarehe ndiyo ambayo wageni wa uwanja huu huidharau. Harusi ina aliyeiita. Msiba umeitwa na mauti. Krismasi haikuitwa na yeyote aliyemo nyumbani, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa wala wa kuombwa aiahirishe. Aliyewahi kusimama na mizigo kituo cha mabasi cha Dar es Salaam akitafuta kiti cha kwenda Moshi tarehe 22 Disemba, au akagombania matatu ya kwenda ushago kutoka Nairobi nauli ikiwa imepanda maradufu, haelezwi zaidi. Tarehe imefika, lazima ufike, na lazima ufike umebeba kitu.

Tuanze basi na akina Griswold, kwa sababu ndio watakaokurahisishia kuwaelewa wengine. Aliyewaumba ni John Hughes, aliyezaliwa mwaka 1950 na kufariki 2009, mtu wa vitongoji vya Chicago aliyeanza maisha ya kazi akiandika matangazo ya biashara. Kabla sinema haijamfahamu alikuwa akiliandikia jarida la ucheshi la National Lampoon, na Disemba 1980 jarida hilo lilichapa hadithi yake fupi, "Christmas '59". Kwenye hadithi tunaiona Krismasi kwa macho ya mtoto. Kwenye filamu Hughes alimweka baba katikati, na badiliko hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtoto huona keki. Baba huona bei ya keki.

Filamu mbili za awali za familia hii, ya mwaka 1983 na ya 1985, zilikuwa za safari. Katika ya kwanza wanavuka Marekani kwa gari wakienda kwenye bustani ya michezo, na katika ya pili wanazurura Ulaya. Katika ya tatu hawaendi popote. Safari inawafuata mlangoni, pakiwa pamejaa masanduku, koti za baridi na maradhi ya uzeeni. Mwongozaji wake, Jeremiah Chechik, alitoka kwenye matangazo ya biashara na hii ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Kazi hiyo awali alikuwa amepewa Chris Columbus, lakini yeye na mwigizaji mkuu, Chevy Chase, hawakuelewana, akajitoa. Hughes akampa muswada mwingine wa Krismasi aliokuwa nao. Huo ndio uliokuja kuwa Home Alone, filamu ya mwaka 1990 iliyoingiza zaidi ya dola milioni 470 duniani. Kwa hiyo filamu mbili zinazoshika nguzo za utanzu huu zimetoka kwenye kalamu moja, na ya pili imepata mwongozaji wake kwa sababu ya watu wawili kushindwa kukaa chumba kimoja. Sijui mfano bora zaidi wa somo letu.

Sasa tazama jinsi ilivyojengwa. Siku zinahesabiwa kwa kalenda ya Majilio, ile ya vidirisha vidogo ambavyo mtoto hufungua kimoja kila asubuhi hadi Krismasi. Kila kidirisha kinapofunguka, mgeni mwingine anaingia au balaa jingine linapandwa. Ninasema linapandwa kwa makusudi. Mchekeshaji mbovu hukuletea mlipuko ghafla. Mchekeshaji hodari hukuonyesha kwanza mbegu yake, akakuacha uisahau. Asubuhi moja Clark anachungulia dirishani na kumwona Eddie, mume wa binamu wa mkewe, amevaa kanzu fupi ya kuogea, anamwaga choo cha gari lake la kulalia ndani ya mtaro wa maji ya mvua. Tunacheka, tunaziba pua, tunaendelea. Karibu na mwisho wa filamu, mjomba mzee asiyeachana na biri anawasha kiberiti karibu na mtaro uleule. Gesi iliyokusanyika inalipuka na sanamu ya Baba Krismasi inapaa angani pamoja na kulungu wake. Mtazamaji anacheka kwa nguvu kuliko mlipuko unavyostahili, kwa kuwa amejikumbusha mwenyewe kile alichokwishaambiwa.

Taa za nyumba zimepandwa hivyohivyo. Clark anatundika nyuzi 250 za taa, kila uzi ukiwa na balbu 100. Ni taa 25,000 juu ya paa moja. Anaita ukoo wote nje kwenye baridi, anapigisha ngoma kwa midomo, anaunganisha waya, giza. Kosa si la waya. Ni swichi moja ya ndani ambayo mkewe Ellen anaiwasha na kuizima akitafuta kitu stoo, bila kujua kinachotokea nje. Anayetaka kufundisha ucheshi wa sinema anaweza kumaliza wiki mbili kwenye swichi hiyo. Mume yuko juu ya paa na fahari yake, mke yuko chini na kazi za nyumba, na umeme wa mmoja uko mkononi mwa mwingine pasipo yeyote kati yao kulijua hilo. Taa zinapowaka hatimaye, mji mzima unaelemewa, na mtambo wa akiba wa nyuklia unawashwa. Baba mkwe anaangalia mng'aro ule wote na kulalamika kwamba zile ndogo hazimetimeti.

Nani atalipa umeme huo? Filamu haisemi. Inachosema waziwazi ni jambo jingine. Clark amekwisha kuandika hundi ya dola 7,500 kuwa kianzio cha bwawa, na benki hana fedha ya kuibeba. Yeye ni mtaalamu wa viungo vya kemikali vinavyotiwa kwenye vyakula vya viwandani, mtu mwenye nyumba nzuri na gari, ambaye kwa kila kipimo cha mtaa wake hana shida. Na bado Krismasi yake yote imesimama juu ya fedha isiyokuwepo. Bonasi alikuwa akipewa kila mwaka, akaizoea, akaihesabu kama mshahara, akaitumia kabla haijafika. Wasomaji wanaolijua neno Njaanuari hawahitaji tanbihi hapa.

Sasa Eddie. Huyu ndiye aliyenifanya niandike utangulizi huu kwa Kiswahili badala ya kutegemea yaliyoandikwa kwingine. Anakuja bila taarifa, na mke, watoto, mbwa mkubwa mwenye makamasi, na gari bovu la kulalia ambalo ndilo makazi yake. Ana karibu miaka saba bila kazi, kwa kuwa, mkewe anaeleza, anasubiri nafasi ya umeneja. Clark, kwa huruma, anajitolea kuwanunulia watoto wake zawadi, na Eddie anakuwa na orodha tayari. Mwaka wa kwanza nilipoionyesha filamu darasani, mwanafunzi mmoja wa kutoka Tanga aliuliza kwa hasira ya kweli: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kwa nini huyu hapewi jembe? Darasa likaangua kicheko, mimi nikakosa jibu.

Jibu nililipata baadaye kwenye utani. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika makala maarufu kuhusu mahusiano ya utani, na wenzake waliofanya kazi Tanganyika wakati huo walilichukua neno letu likaingia kwenye vitabu vyao. Hoja yake, kwa ufupi usioitendea haki, ni kwamba ndoa na ujirani huwaunganisha watu ambao maslahi yao yanagongana, na jamii hutibu hilo kwa njia mbili: adabu kali, kama ya mtu na mkwewe, au ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Kwetu kila mtu anajua amesimama upande gani. Mkwe unampisha njia. Mtani anaweza kuja msibani akalala kwenye njia ya kaburi hadi alipwe, na mfiwa akacheka machozi yakimtoka.

Nyumbani kwa Griswold mpangilio huo haupo. Wakwe wa pande zote mbili wamelazwa chini ya paa moja, mabafu ni machache, na hakuna aliyepewa leseni ya kutania. Ndiyo maana kila neno linachoma: baba mkwe anakejeli, mama mkwe anaguna, na Clark anameza yote huku tabasamu lake likizidi kukauka. Filamu hizi, nadhani, zimefanywa na watu wasio na mtani, nao wanamtafuta. Eddie anaikalia nafasi hiyo bila kujua. Anasema yasiyosemeka, anavaa yasiyovalika, anadai zawadi. Na Clark anapochanganyikiwa baada ya ile bahasha, akatamani kwa maneno makali bosi wake angeletwa pale sebuleni akiwa amefungwa utepe kama zawadi, ni Eddie peke yake anayechukua maneno hayo kwa uzito. Anatoka, anawasha gari, anarudi na bosi. Mgeni ameshika jembe. Hana fedha ya kumlipa mwenyeji wake, basi analipa kwa kosa la jinai.

Mahali ambapo filamu hii imepwaya ni jikoni. Ellen anavuta sigara kwa siri, anatuliza mumewe, anatandika vitanda, na hatumsikii akiwaza lolote lake. Bata mzinga aliyekauka alipikwa na Catherine, mke wa Eddie, na inapobainika mezani ni yeye anayelia, akisema aliwaambia wameshamweka kwenye oveni mapema mno. Wanaume wanatafuna mifupa kwa adabu, kelele za meno zikisikika, na tukio linaisha. Ni sekunde chache tu, lakini kwangu mimi hapo palikuwa na filamu nyingine nzima ambayo Hughes hakuiandika. Jodie Foster aliikaribia mwaka 1995 katika Home for the Holidays, ambayo ni ya Sikukuu ya Shukrani na kwa hiyo ni binamu tu wa uwanja wetu: mwanamke anafukuzwa kazi Chicago na siku ileile anapanda ndege kwenda kwa wazazi wake Baltimore. Fedha tena. Na bata mzinga anaishia mapajani mwa dada yake.

Kuhusu dini, usije na matumaini makubwa. Shangazi Bethany, anayeigizwa na Mae Questel, mwanamke aliyekuwa sauti ya katuni Betty Boop tangu miaka ya 1930, anaombwa abariki chakula, naye anakariri kiapo cha utii kwa bendera ya Marekani. Clark anasema amina.

Ukiuliza hesabu hizi zilianza wapi, nitakupeleka London, 1843. Charles Dickens alichapisha kisa cha Scrooge tarehe 19 Disemba mwaka huo, na usiruhusu mizimu ikusahaulishe kwamba kisa chenyewe ni cha mwajiri, karani wake na mshahara. Dickens aliyajua madeni kwa kuyaishi: baba yake alifungwa katika gereza la wadaiwa la Marshalsea mwaka 1824, na mtoto akapelekwa kufanya kazi kiwandani. Bosi wa Clark, anayetubu usiku wa manane akiwa na utepe kichwani, ni mjukuu wa Scrooge.

Katikati ya hao wawili amesimama George Bailey wa It's a Wonderful Life, filamu ya Frank Capra ya mwaka 1946. Mjomba wake anapoteza dola 8,000 za taasisi ya familia siku ya mkesha wa Krismasi, naye George anafika darajani akitaka kujiua. Ilipotoka filamu hiyo haikurudisha gharama zake. Mwaka 1974 haki zake za kunakili ziliisha kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuzihuisha, na vituo vya televisheni vya Marekani vikaanza kuirusha kila Disemba bila kulipa chochote. Ikawa mila ya taifa kwa sababu ilikuwa ya bure. Kwenye nyumba ya Griswold inaonekana kwenye televisheni, na mmoja wa wasaidizi wa mwongozaji wa filamu ile ya 1989 alikuwa mjukuu wa Capra mwenyewe. Katika Home Alone familia ya McCallister inaitazama Paris, imetiwa sauti za Kifaransa. Dola 8,000 mwaka 1946, dola 7,500 mwaka 1989: dola imeshuka thamani, hofu haikushuka.

Nimeitaja Home Alone mara kadhaa bila kuifungua. Inajulikana mno. Nitagusa kitu kimoja: mtoto anasahaulika kwa kosa la hesabu. Umeme umekatika usiku, saa za kuamshia zimezima, familia imechelewa ndege, na anayehesabu watoto mlangoni anamhesabu mtoto wa jirani aliyekuja kupekua mizigo. Idadi inatimia. Katika ukoo mkubwa idadi inaweza kutimia na mtu akawa hayupo. Hilo linachekesha kwa dakika mbili, halafu linauma.

Wazungumzaji wengi wa uwanja huu huishia Marekani. Ni uvivu. Napoli, usiku wa Krismasi wa mwaka 1931, Eduardo De Filippo na ndugu zake walipandisha jukwaani mchezo wa Natale in casa Cupiello, ambao baadaye aliurefusha na kuurekodi kwa televisheni. Luca Cupiello anajenga pango la Noeli kwa gundi na karatasi, nyumba ikiwa baridi na mifuko mitupu, na anachotaka ni kitu kimoja tu: mwanawe akiri kwamba analipenda. Mwana anakataa. Mwana huyohuyo ameuza viatu na koti la mjomba wake, mgonjwa anayelala chumba kimoja naye, kwa kuwa alidhani hatapona. Mjomba amepona, anatafuta viatu. Wakati huo binti wa nyumba anataka kumkimbia mumewe, na barua inaanguka mikononi pasipotakiwa. Ukitaka kujua kicheko kinaweza kubeba huzuni kiasi gani bila kukatika, nenda Napoli kabla hujaenda Hollywood.

Hispania iko Plácido, ya Luis García Berlanga, mwaka 1961, chini ya utawala wa Franco. Matajiri wa mji mdogo wameandaa kampeni: kila nyumba yenye uwezo imwalike maskini mmoja mezani usiku wa mkesha. Wanaminyana kuwapata maskini walio safi. Plácido mwenyewe ni dereva wa pikipiki ya magurudumu matatu iliyokodiwa kubeba nyota kubwa ya maonyesho, na kabla ya usiku wa manane lazima alipe awamu ya kwanza ya deni la chombo hicho, la sivyo ananyang'anywa. Kila anayemwomba msaada yuko mbioni kutenda wema. Katika nyumba moja maskini aliyealikwa anaugua mahututi mezani, na wenyeji, walipogundua anaishi na mwanamke bila ndoa, wanahangaika kumfungisha ndoa kabla hajakata roho, ili aibu isibaki kwao. Filamu ilifika hadi kwenye orodha ya wawania Oscar ya filamu ya kigeni. Namna ilivyopita kwenye mikono ya wadhibiti wa Franco bado ni fumbo la kupendeza. Jina la awali, lililotokana na wito wa kumketisha maskini mezani, ndilo walilolikataa.

Na kama una moyo mgumu, iko Parenti serpenti ya Mario Monicelli, 1992. Jina lake linawaita ndugu nyoka, na sisi wenye kikulacho ki nguoni mwako tunaelewa upesi. Wazee wa mji wa Sulmona wanakusanya watoto wao wanne. Kwa robo tatu ya filamu tunacheka kama kawaida: karata, misa, wivu wa mawifi, mtoto anayesimulia kila kitu kama insha ya shule. Halafu mama, kwenye chakula cha Krismasi, anatangaza kwamba wamezeeka na wanataka kuhamia kwa mtoto mmojawapo, ambaye atapata sehemu ya pensheni na nyumba. Waamue wenyewe. Wanaamua. Wazee wanapewa zawadi ya kifaa cha kupasha joto cha gesi, na Mwaka Mpya unaingia kwa mlipuko. Ulinganishe na mtaro wa Eddie: gesi ileile, cheche ileile, ila hapa hakuna shangazi wa kuimba baadaye.

Barani kwetu utanzu huu ni mchanga na una haraka, na haraka hiyo haujaidhibiti vizuri. A Naija Christmas ya Kunle Afolayan, 2021, inampa mama wa Lagos wana watatu wasiooa. Anatangaza kwamba wa kwanza kumletea mkwe atarithi nyumba. Wazo ni la kale na zuri. Filamu inalikimbiza mno. Ninayoipenda zaidi ni ya Afrika Kusini, How to Ruin Christmas, mfululizo ulioanza 2020, ambamo marehemu Busi Lurayi ni Tumi Sello, binti aliyekuwa amejitenga na kwao anayerudi kwa harusi ya ndugu yake Beauty na kuibomoa tangu saa ya kwanza. Familia mbili zisizolingana mfukoni zinaungana, na kila chombo kinachovunjika kina bei ambayo upande mmoja unaimudu na mwingine haumudu. Hapa jambo jipya linatokea: Krismasi haisimami peke yake, inabeba harusi, na msimu uliofuata inabeba msiba. Afrika tarehe ya mapumziko ndiyo tarehe ya kila kitu, kwa sababu ndiyo siku pekee watu wa mjini wapo.

Je, mtazamaji wa Kiswahili aliyeziona kwenye banda la video alizipokeaje filamu za aina hii? Marehemu Lufufu wa Dar es Salaam, na DJ Afro wa Kenya, walijijengea jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake, wakiongeza majina, vijembe na maelezo. Kazi kama hiyo huelekea kupenda mapigano, kwa sababu ngumi haihitaji tafsiri. Kichekesho cha ukoo ni kigumu zaidi kwa msimuliaji. Kindi atajieleza. Lakini ile jeli ya kila mwezi itabidi asimamishe mambo aeleze bonasi ni nini, bosi alitegemewa vipi, na kwa nini mtu mzima apagawe kwa kopo la jeli. Ningelipa kiingilio kumsikia akijaribu. Nina hakika angemwita Eddie shemeji.

Ukitaka pa kuanzia, tazama akina Griswold kwanza, kisha Plácido usiku unaofuata, ukiwa bado unacheka. Monicelli mwache hadi sikukuu zipite na wageni wako waondoke. Na unapofika mwisho wa Christmas Vacation, wakati bosi ameahidi kurudisha bonasi na kuiongeza asilimia 20, shangazi anaimba wimbo wa taifa, na wote wamerudi ndani kucheza, simamisha picha kwa Clark aliyebaki uani peke yake akitazama juu. Hesabu kilichopo. Dirisha la jirani limevunjika. Kiti kimeungua na paka chini yake. Mti uliokuwa uani umekatwa kwa msumeno. Bosi ameahidi kwa mdomo. Hundi ya dola 7,500 iko benki, na sikukuu inaisha kesho.